Taa ya handbreki inayowaka kwenye kona

Msimu wa karafuu huniletea malori mengi hapa Chake Chake, na ombi ni lile lile: "Fundi, handbreki nimeshusha, taa haizimi. Nitolee globu tu." Sitoi. Kwenye Canter na malori mengi ya aina yake, taa hiyo moja hubeba habari mbili: handbreki, na oili ya breki iliyopungua kikoponi.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi namuuliza dereva inawaka wapi. Ikiwaka na kuzima kwenye mashimo, nashuku swichi iliyo chini ya mkono wa handbreki. Ukivuta mkono, swichi inaunganisha waya na bodi, taa inawaka. Ukishusha, inabonyezwa na kukata. Hewa yetu ya bahari huila kwa kutu. Chomoa soketi yake: taa ikizima, kosa liko hapo, au mkono haushuki hadi mwisho. Isipozima, chomoa na soketi ya swichi ya kikopo cha oili. Ikiwaka bado, kuna waya uliochubuka unaogusa bodi. Inua zulia uutafute.

Juzi dereva mmoja aliniambia yake huwaka kwenye kona na vilima vya njia ya Wete tu, tambarare inazima. Alishabadilishiwa swichi mara mbili! Nilifungua kikopo nikakuta oili imekaribia alama ya chini. Gari ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja, boya la swichi lililo ndani ya kikopo linashuka, taa inawaka.

Kuongeza oili kungeizima taa papo hapo, na hilo ndilo ninaloliogopa. Oili ya breki haitumiki kama dizeli. Ikipungua, ama liningi, zile zinazosugua drumu la gurudumu, zimelika, ama inavuja. Tulifungua gurudumu la nyuma kushoto, silinda ya breki inavuja na liningi imelowa chapa. Na gari ile ilikuwa ikishuka vilima na magunia, watu wamekaa juu yake.

Handbreki isingemwokoa. Ya Canter hukamata shafti nyuma ya giaboksi. Kazi yake ni kushikilia gari iliyokwisha kusimama, si kuizuia inayoteremka na mzigo.

Tulitia silinda na liningi mpya, tukatoa hewa kwenye mabomba ya breki, tukajaza oili. Nikapanda naye kilima mara mbili, gari ina mzigo. Taa haikuwaka.