Bila msamaha wa kodi, Fumba ingebaki kichaka?

Barazani hoja hii husikika miaka nenda miaka rudi: msamaha wa kodi anaopewa mjenzi wa maduka, ofisi na nyumba za kuuza hautugharimu kitu, kwani bila yeye eneo lingebaki kichaka, na kichaka hakilipi kodi.

Hapa Zanzibar, Fumba na Micheweni zilitengwa zote kuwa maeneo huru ya kiuchumi, yaani ya wawekezaji kupewa msamaha wa kodi, tangu 1992. Fumba, kule Unguja, jirani na mji na uwanja wa ndege, imejaa majengo; Micheweni, kule Pemba, imebaki nyuma sana. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachomvuta mjenzi, nacho ni pahala penyewe. Ripoti ya mashirika ya kimataifa ya 2015, iliyoandaliwa kwa ajili ya G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya wawekezaji waliohojiwa Tanzania, Uganda na Rwanda wangewekeza hata bila msamaha. Kwa hao, kodi iliyosamehewa ni hasara tupu.

Kiwanda kikinyimwa msamaha, angalau kinaweza kuhamia Mombasa. Ufukwe wa Fumba je, utahamia wapi?

Jengo lililojengwa kabla ya kupata mpangaji ni jambo jingine. Likikaa tupu, hakuna ajira, ilhali barabara, maji na umeme vimeshafikishwa, mara nyingi kwa fedha za umma. Sipingi misamaha yote. Ila ningeifungamanisha na idadi ya maduka yaliyofunguliwa na ya watu walioajiriwa, si na ramani ya jengo.