Varalakshmi Vratam ni nini?

Vara ni baraka ambayo mtu huiomba akapewa. Vratam ni nadhiri. Varalakshmi basi ni Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, akiwa mtoa baraka, na Varalakshmi Vratam ni nadhiri wanayoitimiza wanawake Wahindu wa kusini mwa India, hasa Karnataka, Andhra Pradesh, Telangana na Tamil Nadu, Ijumaa inayotangulia mwezi mpevu wa Shravana, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu. Mwaka 2025 iliangukia Agosti 8.

Anayeiita ibada ya kuomba pesa anaipunja. Lakshmi ana sura nane, na mali ni moja tu: kuna nafaka, watoto, elimu, ujasiri, ushindi. Huaminika kwamba kumwabudu Varalakshmi siku hiyo ni sawa na kuwaabudu wote wanane.

Mwanamke hufunga tangu asubuhi, akaandaa kalasham, mtungi mdogo wa shaba au fedha. Huutia mchele au maji, pamoja na sarafu, popoo na manjano. Mdomoni mwa mtungi hupanga majani ya mwembe, juu akaweka nazi iliyopakwa manjano. Kisha mtungi hubandikwa uso wa Lakshmi wa fedha, huvishwa sari, vidani na maua, na tangu hapo hautazamwi tena kama chombo. Ni mgeni aliyeingia nyumbani. Baada ya sala hufungwa mkononi uzi wa manjano wenye mafundo tisa.

Siku hiyo husimuliwa kisa cha Charumati wa mji wa Kundina, aliyetokewa na Lakshmi ndotoni. Ninachokipenda ni kwamba hakuificha ndoto yake: aliwaambia mumewe na wakwe, akawaita wanawake wa mji. Walipokuwa wakiizunguka madhabahu, wote wakajikuta wamevalishwa mapambo, si yeye peke yake.

Ndiyo maana jioni majirani hualikwa, na kila mgeni hupokewa kama Lakshmi mwenyewe. Huondoka na tambulam: majani ya tambuu, popoo, manjano, bangili, pengine kitambaa cha blauzi. Msomaji wa pwani atalitambua neno hilo, maana tambuu yetu ni ndugu yake. Kwa desturi ibada hii ni ya wenye waume, na wajane kuachwa nje ni jambo linaloniuma.

Jumamosi maji ya mtungi hunyunyizwa kila chumba. Palipotiwa mchele, hupikwa payasam, uji mtamu wa maziwa, nyumba nzima ikala.