Kukaza tosheni baa si kufunga springi mpya

"Fundi, kaza tu tosheni baa ipande inchi 2, na springi nazo ziwe ngumu zaidi." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno, tena kwa watu wanaozipenda kweli pikapu zao za zamani. Safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Tosheni baa ni fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi za mbele kwa kujisokota. Ugumu wake unatokana na unene, urefu na aina ya chuma, na kati ya hivyo unene ndio wenye nguvu kubwa: fimbo ya mm 25 ni ngumu kama mara 1.4 ya ile ya mm 23 yenye urefu uleule. Bolti ya kurekebishia, ile inayokazwa ili gari lipande, haigusi chochote kati ya hivyo. Inahamisha tu mahali fimbo inapoanzia kujisokota. Uzito wa gari haujabadilika, kwa hiyo likisimama, fimbo imejisokota karibu kiasi kilekile cha mwanzo. Kilichobadilika ni pembe ya mikono inayoshika magurudumu: sasa imeelekea chini.

Hapo mteja huniuliza, "Mbona basi limekuwa gumu?" Ni kweli limekuwa gumu, lakini sababu ni nyingine kabisa. Chukua gurudumu lenye nafasi ya kutembea sm 18, yaani sm 9 za kupanda na sm 9 za kushuka. Ukiinua gari sm 5 kwa bolti ile, kupanda kunakuwa sm 14 na kushuka kunabaki sm 4. Tairi likikuta shimo halina pa kushuka. Mkono unagonga kizuizi cha chini, au shokapu inafika mwisho wa urefu wake, na gari zima linaangukia shimoni pamoja na tairi. Ule mgongano unaousikia kwenye usukani ndio watu wanaouita springi ngumu. Kwa kweli gari limenyimwa nusu ya kazi ya springi zake.

Pembe nazo zinadai chao. Sivi jointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele) zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote, raba zake zinasuguana zenyewe mpaka zinachanika, na grisi ikishamwagika vumbi linamalizia. Boljointi za juu, yaani viungo vya mviringo vya mikono, zinakaa karibu na mwisho wa mchezo wake. Kamba (camber, mwinamo wa gurudumu) inasogea upande wa chanya, yaani juu likiinama nje, kasta (mwegemeo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inapungua, toe (jinsi magurudumu yanavyoelekeana kwa mbele) inahama kwa sababu tairodi, fimbo za usukani, zimebadili pembe. Gari linatangatanga barabarani na tairi zinalika upande mmoja. Aliyeinua bila kwenda kwenye alaimenti (kupima na kurekebisha pembe za magurudumu) siku ileile hajamaliza kazi, hata kama ni sm 3 tu.

Je, bolti ile isiguswe kabisa? Iguswe, kwa kazi iliyowekewa: kurudisha kimo ambacho fimbo zilizochoka zimekipoteza. Na hapa nina ombi ambalo sitaacha kulirudia. Kabla ya kulegeza nati hata moja, simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa tao la bodi, magurudumu yote manne, na uandike. Pikapu iliyolala sm 3 kwa uzee, ukiifunga seti ya springi iliyoandikwa sm 5, itapanda sm 8, kisha utashangaa propela inatetemeka na mpira wa breki umevutika. Nyingi zinazoletwa kwangu kuinuliwa zilihitaji kurudishwa kimo chake cha kiwandani tu. Ukitaka zaidi ya hapo, nunua fimbo nene zaidi na mikono ya juu iliyotengenezwa kwa ajili ya kimo kipya, na uinue kwa kiasi kinachoacha angalau theluthi moja ya mwendo wa gurudumu kwa ajili ya kushuka.

Kuhusu shokapu: ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Ndefu zaidi inahitajika baada ya kuinua ili isifike mwisho, lakini yenyewe haiinui.

Wapo wanaoamini difu (kile kibonge cha gia katikati ya ekseli ya nyuma) itapata nafasi zaidi kutoka ardhini. Ekseli ya nyuma ya kipande kimoja imekaa juu ya tairi, na springi ziko juu yake. Inua bodi utakavyo, difu inabaki palepale. Tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa sm 5 ndilo litakaloipandisha, tena kwa sm 2.5 tu.

Nyuma, watu hupenda kuongeza pleti moja kwenye springi. Itainua, sikatai, lakini pikapu tupu itakuwa inarukaruka, na breki za nyuma hazifanyi kazi yake sawasawa kwenye tairi linalodunda. Breki zenyewe zina siri nyingine. Pikapu nyingi za zamani zina valvu iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo ndogo, inayopima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na chesisi. Ukiinua, valvu inadhani gari halina mzigo na inapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa umejaza mchanga. Fimbo hiyo lazima irekebishwe ilingane na kimo kipya. Nimeshapokea magari yaliyoinuliwa kwingine, na hakuna aliyeigusa.

Bushi za raba zimeshikamana na chuma ndani na nje. Raba inajisokota, haitelezi. Kwa hiyo bolti zake zikazwe kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, raba itaishi imesokotwa na itachanika mapema.

Bloku za chuma chini ya springi za nyuma zinakubalika, bloku moja kila upande, pini ya katikati ikiwa imeingia vizuri kwenye tundu lake. Kupanga mbili juu kwa juu sifanyi, na kuweka bloku mbele sifanyi hata ukinibembeleza. Bolti za U ziwe mpya, kwa sababu za zamani zilishavutika zilipokazwa mara ya kwanza. Na baada ya km 500, lete gari nizikaze tena.