Stesheni za Japani zisizo na wafanyakazi: dhana potofu na ukweli

“Haina mtu, basi imefungwa.”
Mwaka wa fedha 2019 Japani ilikuwa na stesheni 9,465, na kati ya hizo 4,564 hazikuwa na mfanyakazi. Wenyewe huziita mujineki. Treni husimama kwa ratiba kama kawaida. Stesheni ya Doai, mkoani Gunma, haina mfanyakazi tangu 1985, lakini treni bado husimama. Ila jukwaa la treni ziendazo upande wa Niigata limo ndani ya handaki, ngazi 462 chini. Ukifika mlango wa stesheni dakika mbili kabla, umeshaachwa.

“Hakuna geti la tiketi, kwa hiyo ni bure.”
Nauli hulipwa ndani ya treni, na dereva ndiye konda. Mtindo huu huitwa wanman. Kwa kawaida unapandia mlango wa nyuma wa behewa la kwanza. Usipofunguka, bonyeza kitufe kilicho pembeni yake. Hapo mlangoni kuna kisanduku kinachotoa kijikaratasi chenye namba. Kichukue! Juu ya dereva kuna ubao wa namba, na chini ya kila namba nauli yake, inayopanda kadiri treni inavyosonga. Ukifika, soma nauli iliyo chini ya namba yako, tumbukiza kijikaratasi na pesa kwenye sanduku la nauli, ushukie mlango wa mbele. Asiye na kijikaratasi anaweza kudaiwa nauli tangu treni ilikoanzia. Anayekwepa makusudi hudaiwa nauli pamoja na faini ya hadi mara mbili yake.

Wengi hukwama kwenye chenji. Masanduku mengi hayarudishi: ukitia noti ya yeni 1,000 kwa nauli ya 320, imekwenda. Pembeni kuna tundu la kuvunjia pesa, ambalo kwa kawaida hupokea sarafu na noti ya 1,000 tu. Noti ya 10,000 ni mzigo kwako na kwa dereva. Vunja mapema, treni ikiwa imesimama, si wakati foleni imejaa mgongoni mwako.

“Mlango wowote utafunguka.”
Treni ikiwa na mabehewa mawili, kwenye stesheni hizi mara nyingi hufunguka milango ya behewa la kwanza peke yake. Aliyesinzia kwenye la pili huamkia stesheni inayofuata.

“Kadi ya Suica inatosha.”
Hii ni kadi ya kulipia nauli kwa kuigusisha kwenye mashine, na njia nyingi za vijijini haziipokei kabisa.

“Stesheni moja Hokkaido iliachwa wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja.”
Kisa hiki kilisambaa Januari 2016, tena kwa jina la Kami-Shirataki, wakati binti huyo alipandia Kyu-Shirataki. Kweli alikuwa akiitumia kwenda shule. Ila stesheni zote mbili, pamoja na Shimo-Shirataki, zilifungwa siku moja, 26 Machi 2016, kwa uchache wa abiria. Reli za Japani hubadili ratiba kila Machi, na mwaka wa shule nao huishia Machi; kwa hiyo kufungwa na kumalizika kwa shule kuliangukia mwezi mmoja tu.