Malipo ya Awali Si Zawadi ya Kampuni

Wasanii wengi chipukizi wa Mombasa huamini kwamba fedha ambazo kampuni ya muziki humpa msanii anapotia saini mkataba ni bahshishi, na kwamba anayejirekodia mwenyewe katika chumba cha Kisauni chenye trei za mayai ukutani ameikosa bahati hiyo. Imani hii si sahihi, na inawaumiza vijana.

Fedha hizo kwa kawaida hurejeshwa kutokana na mapato ya msanii, na mikataba mingi huongezea humo gharama za studio na sehemu ya gharama za video. Tuseme deni zima ni shilingi 800,000 na fungu la msanii ni asilimia 20: deni hukatwa katika fungu lake peke yake, kwa hiyo nyimbo hazina budi kuingiza shilingi 4,000,000 kabla hajapokea hata senti moja ya ziada. Wakati huo kampuni imekwisha kupata 3,200,000, na mara nyingi rekodi hubaki mali yake hata deni likiisha.

Anayejitegemea hubeba hasara yote mwenyewe, na mzigo huo si mdogo. Hata hivyo, nchini Kenya hakimiliki huanza pale kazi inaporekodiwa au kuandikwa, hata kabla ya kusajiliwa, na ile ya utungo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Basi kabla ya kuhesabu noti, msanii na asome kifungu kinachotaja mmiliki wa rekodi.