Huduma za mkoba kwa watoto wa Kihadzabe: anza na kalenda ya kambi

Ratiba nyingi za huduma za mkoba, yaani zile zinazowafuata watu walipo, hupangwa ofisini: Jumanne ya pili ya mwezi, kijiji fulani, chini ya mti fulani. Kwa wakulima inatosha. Kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, gari hukuta kambi ilishahama, na kwenye ripoti panajazwa "mwitikio mdogo wa jamii". Jamii inasingiziwa.

Kuhama kwao kuna mpangilio. Kiangazi, takriban Juni hadi Oktoba, maji hubaki sehemu chache, na kambi huwa chache na kubwa. Mvua zikianza, watu hutawanyika kufuata matunda na asali, na baadhi ya njia za bonde la Yaeda hazipitiki kwa gari. Sasa angalia chanjo ya pentavalenti, inayokinga magonjwa matano: dozi tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kati ya dozi na dozi zisipungue wiki 4. Ukianza Juni, zote tatu zinaenea ndani ya kiangazi na unabaki na muda wa kuwatafuta waliokosa. Ukianza Septemba, dozi ya tatu itakukuta kwenye mvua. Miezi ya mvua mimi huitengea pikipiki, kibebeo kidogo cha chanjo, wachanga na waliobakiza dozi. Mahali kambi ilipo, muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliye Mhadzabe mwenyewe, siku chache kabla, kisha tena asubuhi ya safari.

Chanjo nyingi huharibikia kwenye baridi kuliko watu wanavyodhani. Pakiti za barafu zilizotoka kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe hugandisha pentavalenti na ya nimonia, na chanjo hizo zikiganda hazifai tena. Pakiti ziache nje hadi ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo uzipange. Lengo ni nyuzi 2 hadi 8.

Surua-rubela ina tatizo jingine. Chupa ni ya dozi 10, na ikishachanganywa hutupwa zikipita saa 6 tangu ichanganywe. Nesi akikuta watoto wawili tu huogopa kuulizwa upotevu, anawaambia warudi mwezi ujao. Warudi wapi? Fungua chupa hata kwa mtoto mmoja, andika upotevu kwenye fomu, na msimamizi amlinde nesi wake. Hapa ndipo watoto wengi hupotea, tena mbele ya macho yetu. Aliyechelewa naye haanzishwi upya: anaendelea na dozi inayofuata.

Kadi za kliniki hulowa na kupotea, kwa hiyo rejesta ya MTUHA (kitabu cha takwimu cha kituo cha afya) peke yake haitoshi. Weka daftari la kambi: jina la mtoto, la mama, la bibi, na kambi wanayokaa kiangazi. Umri ukadirie kwa misimu: alizaliwa kabla ya mvua za kwanza, au wakati wa asali? Ukiwa hapohapo pima mzingo wa mkono kwa utepe wa MUAC (chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, rufaa siku hiyohiyo), toa vitamini A, kidonge cha bluu kwa miezi 6 hadi 11 na chekundu kwa miezi 12 hadi 59, kisha dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja.

Daftari hilohilo ndilo la shule. Mwalimu apande gari moja na nesi mwezi wa Oktoba, kabla kambi hazijatawanyika, aandikishe wa awali na wa darasa la kwanza, maana muhula unaanza Januari wakati wazazi wako mbali porini. Ada ilishafutwa, lakini sare, madaftari, godoro na sabuni bado vinatoka mfukoni kwa mtu, na bila bweni mtoto wa kambi ya mbali hasomi. Lugha nayo ni kikwazo kinachopuuzwa: mtoto aliyekulia Kihadzane hukaa miezi akiwa bubu darasani kama hakuna msaidizi anayekijua.

Wengi huacha shule kwenye likizo ya Juni. Wanarudishwa nyumbani, halafu Julai hakuna gari la kuwachukua. Lakini gari la chanjo linakwenda huko Julai kwa dozi ya pili! Panga tarehe zilingane na kufungua shule, na viti vya nyuma viachwe wazi.

Wasichana waliokwisha kuacha wana hasara ya ziada. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 Tanzania ni dozi moja kwa miaka 9 hadi 14, hutolewa zaidi shuleni, kwa hiyo aliye kambini haonekani kwenye orodha ya mwalimu. Mtafute kwenye daftari la kambi, na dozi yake iwemo kwenye kibebeo kabla hujaondoka zahanati.