Je, wajua kwa nini hifadhidata huendelea na kazi ya mteja aliyekwisha kuondoka?

Mhasibu wa SACCO pale Upper Hill anaanzisha ripoti ya mwisho wa mwezi, mara stima inapotea na ruta inazima. Stima ikirudi, anaianzisha upya. Sasa kwenye seva kuna ripoti mbili zinazogombania diski ileile, na ya kwanza haina wa kuipokea.

Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata, kila muunganisho una mchakato wake kwenye seva. Mchakato ukishapewa kazi hauangalii soketi, yaani njia ya mawasiliano na mteja, mpaka uwe na kitu cha kutuma. SELECT (amri ya kusoma data) inayomwaga safu mlalo kidogo kidogo hugundua mapema kwamba mteja hayupo. Lakini kujumlisha safu mlalo milioni 40 hakuna cha kutuma hadi mwisho, na UPDATE (amri ya kubadilisha data) ni vivyo hivyo. Kama haikufunguliwa ndani ya muamala wa BEGIN (amri kadhaa zinazohifadhiwa kwa pamoja), UPDATE hiyo itamalizika na kuhifadhiwa, mteja awepo asiwepo. Kwa hiyo kagua data kabla ya kuirudia.

Hilo ni tatizo la seva kutoangalia. Tatizo la pili ni seva kutoambiwa. Programu ikifungwa, hata ikianguka, kompyuta yake hutuma pakiti ya FIN, yaani taarifa ya kufunga muunganisho; ruta ikizima ghafla, hakuna kinachofika. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 7,200 za ukimya, kisha hutuma majaribio 9 kila baada ya sekunde 75, kuulizia kama mteja bado yupo. Hiyo ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15, na muda wote huo muamala uliokwama umeshikilia kufuli zake, zinazozuia wengine kugusa data ileile.

Anza kwa kutazama:

SELECT pid, state, xact_start, client_addr, query FROM pg_stat_activity ORDER BY xact_start;

`active` ya muda mrefu ni kazi inayoendelea. `idle in transaction` ni muamala ulioachwa wazi, na mara nyingi ndio unaozuia wengine, `pg_blocking_pids(pid)` itakuonyesha ukiipa pid (namba ya mchakato) ya kazi iliyozuiwa. Kwa `active` tumia `pg_cancel_backend(pid)`. Kwa muamala ulioachwa haisaidii, maana hakuna amri inayoendeshwa ya kukatizwa, tumia `pg_terminate_backend(pid)`. Usithubutu `kill -9`: PostgreSQL itakata miunganisho yote na kuanza kujirekebisha, na ofisi nzima itakupigia simu.

Kinga iko kwenye faili ya mipangilio, `postgresql.conf`. Tangu toleo la 14, la mwaka 2021, kuna `client_connection_check_interval`, inayoifanya seva iangalie kila baada ya muda kama mteja bado yupo, ambayo huja ikiwa 0, yaani imezimwa. Iweke `10s`. Wengi huishia hapo, kumbe kipimo hiki huiuliza tu kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya seva yenyewe, nayo bila FIN haina habari. Lazima iambatane na `tcp_keepalives_idle = 60`, `tcp_keepalives_interval = 10` na `tcp_keepalives_count = 3`, zinazofupisha ile subira ya Linux; mteja aliyepotea atajulikana kwa takriban dakika moja na nusu. Ongeza `idle_in_transaction_session_timeout = '5min'`, ili muamala ulioachwa wazi ukatwe.

`statement_timeout`, kikomo cha muda wa amri, iweke kwa mtumiaji wa ripoti pekee, kupitia `ALTER ROLE`. Ukiibandika kwa wote, utakuja kushangaa kwa nini kutengeneza indeksi usiku kunakatika katikati.

Na kama katikati kuna PgBouncer, programu inayopokea miunganisho ya wateja kwa niaba ya hifadhidata, PostgreSQL inaiona hiyo tu kuwa ndiye mteja. Punguza `tcp_keepidle` huko pia.